Wifi, Wanakuulizia Dukani

Wifi yangu Salma,

Kila Ijumaa kaka Hamisi akitoka msikitini hupita makaburini, akawasalimu nyote mliolala pale kwa salamu moja. Mimi leo nakusalimu peke yako. Amani ikufikie hapo ulipo, na Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana kuliko ile uliyoipata kwetu.

Huku tupo. Nuru ameanza kuvaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, na ukimrekebisha anakununia mpaka adhuhuri. Paji la uso ni lako lile lile. Mumeo amekonda lakini anakula. Tumbaku zinauzwa huko Urambo, kwa hiyo mji umechangamka, wakulima wanaingia na wake zao kutafuta nguo, na wewe unajua hiyo ndiyo miezi yetu.

Na duka limefunguliwa, wifi. Lile duka ulilokuwa unalitaja kila tukifunga mizigo.

Nilitaka nikuandikie siku ile ile, nikashindwa. Usidhani ni shughuli. Ni haya na aibu. Nimefanya jambo kwa kutumia kinywa chako, na wewe huna namna ya kunikana mbele za watu. Naandika sasa kabla moyo wangu haujazoea na kuliona dogo.

Unakumbuka tulivyoanza. Hatukuwa na fremu ya duka wala meza. Tulikuwa na simu yako yenye kioo kilichopasuka pembeni, kamba ya kuanikia nguo pale uani kwenu Isevya, na vitenge nilivyovileta kwa jora kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mtu wa kununua, kufunga na kupeleka mizigo stendi. Wewe ulikuwa mtu wa kuongea. Majirani walisema mawifi wawili hawachoti kisima kimoja, mwaka hautaisha tutakuwa tumegawana masufuria. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na kanga zetu zikachanganyika mpaka hakuna aliyejua tena ipi ni ya nani.

Hukupenda kuandika. Ulisema vidole vyako ni vinene kwa herufi zile ndogo. Mteja akiuliza, unamjibu kwa sauti, na sauti yako ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi na amefurahi kukuona. Mtu wa Goweko alikuwa anaulizwa kwanza habari za mahindi yake, za mguu wa mama yake, ndipo aambiwe bei. Uliwaambia kuwa zamani nguo zilifika Tabora kichwani kwa mpagazi, miezi na miezi kutoka pwani, na leo zinatoka Tabora kwenye buti la basi na kufika kabla chai ya jioni haijapoa. Walikuwa wanacheka huko waliko, halafu wanaagiza.

Na ulikuwa unawaambia ubaya wa kitu kabla ya uzuri wake. Hapo ndipo nilipokuwa nakasirika. Unalowesha pembe ya kitenge, unaifikicha kwenye kitambaa cheupe, halafu unabonyeza simu: "Mama yangu, hiki chekundu kinachuja. Ukikipenda chukua, ila usikifue pamoja na sare za watoto." Nikakuuliza unauza au unafukuza watu. Ukanijibu bila hata kunitazama, "Wifi, yeye hawezi kukishika. Mimi ndiye mkono wake. Nikimdanganya, atashika kwa mkono gani tena?"

Ndiyo maana walikuamini. Siku hizi kila mtu ana kisa cha kutapeliwa kwenye simu, ametuma hela akaletewa kitambaa cha gunia, au hakuletewa chochote na namba haipatikani. Kwetu walituma. Sikonge, Nzega, Urambo, Ulyankulu, wote walimtumia mtu ambaye hawajawahi kumwona, kwa sababu walikuwa wamemsikia.

Halafu miguu yako ikaanza kuvimba. Tukasema ni kusimama sana. Uso nao ukavimba, tukasema ni chumvi. Daktari aliposema figo, tulikuwa tumeshachelewa.

Ulipolazwa nilikuja na uji na simu. Najiambia wewe ndiye uliyeiomba, na ni kweli, mara ya kwanza uliiomba. Mara iliyofuata hukuomba. Niliiweka mkononi mwako nikasema Mama Devota wa Ulyankulu anasubiri jibu. Ukajinyanyua kwenye mto, ukakohoa kwanza usafishe koo, ukamjibu kwa furaha kana kwamba uko uani unaanika nguo. Muuguzi alitutazama. Ulipomaliza, mkono wako ulikuwa unatetemeka, na mimi niliuona. Kesho yake nikaileta tena simu.

Sijamwambia mtu hilo, wala kaka. Ni wewe na mimi tunaolijua, na yule muuguzi.

Tulikuzika mvua zilipokuwa zinaanza. Udongo ulikuwa mwekundu, umeshika miguu ya wanaume waliorudi. Siku zote za msiba simu yako ilikuwa kabatini, imezima. Baada ya arobaini niliitoa nikaichaji, nia yangu ikiwa kuwaambia watu. Ujumbe uliingia mfululizo mpaka ikapata moto mkononi. Wa kwanza niliousoma ulikuwa wa mwalimu mmoja wa Urambo, yule mnunuzi wa madera. "Salma mbona kimya? Umetutupa?"

Nikaandika: "Nilikuwa naumwa, mama. Sasa naendelea vizuri."

Sijui mkono wangu uliitoa wapi sentensi hiyo. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chako, mafurushi ya vitenge yamejaa mpaka dirishani, Nuru anakohoa chumba cha pili, na niliogopa. Niliogopa kwamba nikiandika neno moja tu, "amefariki," wote wataondoka, kwa sababu hawakuwa wateja wa vitenge wala wateja wangu. Walikuwa watu wako. Nikajiambia nitawaambia wiki ijayo, mzigo ukishapungua. Mzigo ukapungua, nikaleta mwingine.

Wakaanza kuuliza mbona siku hizi unaandika tu, huongei. Mmoja akasema kwa utani, "Au simu imeibiwa?" Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Humo kwenye simu zilikuwamo sauti zako zote ulizowahi kutuma, miaka yote ile. Nikakaa nazo. Nikawa nazijua kama mtu anavyozijua nguo za sandukuni: hii ya kushukuru, hii ya kusema mzigo umeshatoka, hii ya kumpa mtu pole, hii ya kucheka. Nilichagua zile ambazo hukutaja jina la mtu. Na kwa kuwa simu huonyesha ujumbe uliotumwa mara ya pili, niliihamishia sauti yako kwenye simu yangu, nikaicheza na kuirekodi upya kwa simu yako, ili ionekane umeongea wakati ule ule.

Naliandika hili kama lilivyo, wifi. Sikuteleza. Nilikaa chini nikalipanga, nikafunga na dirisha ili milio ya bodaboda isiingie.

Walifurahi. Mwalimu wa Urambo aliandika, "Alhamdulillahi, umepona." Nililia, halafu nikanyanyuka nikamfungia mzigo wake.

Miezi ikapita hivyo. Wewe ulikuwa unauza vizuri. Nisamehe kwa neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, uliuza vizuri kuliko mimi niliye hai. Ikapatikana fremu karibu na soko, jirani na fundi baiskeli, mwenye nyumba mtu mpole, na wateja walikuwa wameshaanza kusema hawataki tena kununua kwa mtu asiye na mlango wa duka. Nikaichukua. Kaka Hamisi alikuja na mbao zake za mninga, hakukubali malipo, akaanza kutengeneza rafu. Nilipoweka kibao juu ya mlango kimeandikwa Kwa Salma, alisimama chini yake muda mrefu, akanishika bega, akasema, "Asante, mdogo wangu. Umemkumbuka." Sikulichagua kwa kukukumbuka. Lile lilikuwa jina la biashara kwenye simu. Niliogopa nikilibadilisha wateja watapotea. Nilipokea shukrani ya kaka yangu kwa kitu ambacho sikukifanya.

Nikapiga picha ya duka, nikaituma kwa wote. Wakajibu, tena kwa furaha kubwa: hatimaye tutakuona.

Hapo tu ndipo akili iliponijia. Kwenye simu mtu anaweza kuwa popote. Dukani kuna mlango mmoja, na kiti kimoja nyuma ya meza, na kila anayeingia anatazama nani amekikalia.

Walikuja. "Salma yuko wapi?" Ametoka kidogo. "Salma hajambo?" Hajambo, amekwenda kuswali. Amempeleka mtoto kliniki. Amekwenda kupokea mzigo. Wengine walikuachia salamu, mmoja alikuachia karanga. Nilisema umetoka mpaka neno hilo likawa jepesi mdomoni, na usiku nikilala sikuliota hata kidogo.

Kisha akaja Mama Devota.

Wewe ulimjua kwa sauti tu, ngoja nikwambie alivyo. Ni mfupi, mweusi, amejifunga kitenge kile cha ndege tulichomtumia kwa harusi ya binti yake, na anatembea kama mtu anayepima ardhi kabla ya kuikanyaga. Kabla hajaja aliuliza kwenye simu: "Nikija nitakukuta kweli? Mimi ni mzee, sitaki safari ya bure." Nikatafuta kwenye sauti zako nikaipata moja, ulimtumia mwanamke mwingine zamani aliyekuwa anakuja hospitali na akataka kupitia nyumbani. "Karibu sana mama yangu. Ukifika utanikuta, nakusubiri." Nikamtumia. Nilidhani hatakuja. Wengi husema watakuja.

Ilikuwa asubuhi. Kaka alikuwa juu ya ngazi anapigilia rafu ya juu, mimi nakunja madera mezani. Mama Devota akasimama mlangoni, akavua ndala, akaingia peku. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akaweka kikapu chini, akatoa chupa ya mawese iliyofungwa kwa gazeti.

"Hii ya Salma," akasema. "Ndugu zangu wa Kigoma wameniletea, nikasema lazima aonje. Yuko wapi, nimwone alivyopona?"

"Ametoka kidogo, mama." Nilisema chini chini, kaka asinisikie kwa mlio wa nyundo yake.

"Nitangoja."

"Labda leo hatarudi, mama. Amepata dharura."

Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemwona mtoto anamficha mwenzake mchezoni. "Hapana. Amenihakikishia mwenyewe. Sikiliza." Akatoa simu kifuani, akaishikilia mbali na macho ili aione vizuri, akabonyeza.

Sauti yako ikajaa duka. *Karibu sana mama yangu. Ukifika utanikuta, nakusubiri.*

Nyundo ikanyamaza.

Kaka alishuka ngazi bila kutazama anapokanyaga. Alikuwa ameshika misumari midomoni, akaitoa mmoja mmoja na kuiweka mezani. Akamuuliza Mama Devota kwa adabu, kwa upole hasa, "Mama, hii sauti umetumiwa lini?"

"Juzi, mwanangu. Kwani kuna nini?"

Akanigeukia. "Asha."

Alisema jina langu tu. Ningependa angenipiga.

Kaka ndiye aliyemwambia mgeni. "Mama, mimi ni mume wake. Salma tulimzika mvua zilipoanza."

Mama Devota aliitazama simu yake, akatutazama sisi, akarudi kuitazama simu. "Kwa hiyo juzi nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi, mama," nikasema.

Hakupiga kelele. Alitafuta kiti, akakikalia, kile kiti cha nyuma ya meza, akaweka mikono magotini. Akasema, "Nimetoka nyumbani kuja kumwona mtu aliyepona. Kumbe nimekuja msibani. Na nimechelewa."

Kaka akatoka. Aliondoka na nyundo mkononi, nikamwona anapita mbele ya fundi baiskeli, fundi akamsalimu, hakuitika. Wewe unamjua mumeo, hata akiwa na homa huitika salamu.

Nilidhani Mama Devota naye ataondoka. Akasema, "Nipeleke nyumbani kwake nikakae. Mtu hapewi pole dukani." Nikafunga duka. Njia nzima hadi Isevya alikataa nimbebee kikapu.

Kaka alikuwa ameshafika, amekaa kibarazani. Aliposimama kumpokea mgeni, nikaona macho yake, nikapitiliza uani. Walikaa sebuleni, kaka kwenye kiti, yeye akachagua mkeka. Akafanya ishara yake ya msalaba polepole, akampa pole kama inavyotakiwa, akauliza uliumwa nini, uliteseka, ulisema nini mwishoni. Maswali yale ambayo watu wote waliyauliza mvua zilipoanza, kaka akayajibu upya kana kwamba ni jana. Mimi nilisimama mlango wa jikoni, sikuwa na uso wa kuingia.

Kisha Mama Devota akasema, "Ninazo nyingine. Hizi ni zake kweli, alizonitumia akiwa hai. Unataka?"

Kaka akakubali kwa kichwa.

Akamchezea. Ile uliyomwambia asihuzunike harusi ikicheleweshwa. Ile mumewe alipokuwa mgonjwa, ulipomwambia, "Kula kwanza wewe, mama, mgonjwa haoni njaa yako." Sikuwahi kuisikia ile; nilipokuwa nachagua, zisizonifaa niliziruka. Nilikuwa naona tu mzigo umetoka, sikujua mlikuwa mnaongea hayo. Na ikaja ile inayoanza kwa kikohozi, na kwa mbali linasikika toroli linapita, na kaka akainua kichwa. "Hapo alikuwa wodini," akasema.

Nuru alitoka chumbani aliposikia. Alisimama katikati ya sebule, akasikiliza, halafu akakimbilia mlango wa nje akakutafute.

Kaka alimfuata akambeba. Aliporudi ndipo aliposema maneno ambayo sitayasahau. Alimwambia Mama Devota, si mimi. "Mimi sina hata moja. Tuliishi nyumba moja, angenitumia sauti ya nini? Aliniita tu, nikaitika."

Wifi, zote zilikuwa kwangu. Miezi yote ile mumeo alikuwa analala hajui tena vizuri sauti ya mkewe ilivyokuwa, na mimi nilikuwa nayo kwenye mkoba, nachagua kama mtu anayechagua vifungo. Nilikuwa nawagawia watu wa mbali. Yeye aliye chumba cha pili sikumpa.

Mama Devota aliondoka na basi la mchana. Alimwachia kaka mawese. Mlangoni akanitazama kwa mara ya kwanza tangu dukani, akasema, "Wewe pia ulifiwa, binti. Ungesema tu." Ningeweza kustahimili matusi kuliko hilo.

Jioni kaka alisimama uani, akasema bila kunitazama, "Usifute hata moja. Zilete." Nikampa simu yako, na chaji yake. Tangu hapo hakuongea nami. Akinikuta kwa Nuru anangoja nje mpaka nitoke.

Ijumaa iliyofuata niliwaambia watu. Kwa kuwa simu yako alikuwa nayo yeye, nilitumia yangu, ambayo nayo imo kwenye kundi la wateja. Nilijaribu kuandika, nikaona hapana, wewe uliwasemesha, na mimi niwasemeshe. Sauti yangu unaijua, nyembamba, haina mkwaruzo, inapanda juu nikiogopa. Nilisema mimi ni Asha, wifi yake Salma, Salma amefariki tangu mvua zilipoanza, na aliyekuwa akiwajibu ni mimi, na zile sauti ni za zamani, na niliwadanganya. Nikaituma kabla sijaisikiliza.

Mwanamke mmoja wa Nzega alijibu, "Wezi wengine huiba mali, wewe umeiba mtu." Wengi hawakujibu kitu, wakatoka tu kimya kimya. Baadhi walikuombea palepale, wengine wakanipa mimi pole, nikaona aibu kuipokea. Lakini ya mwalimu wa Urambo ndiyo iliyonikalisha chini. Alisema, "Miezi yote hii nilikuwa namwombea apone. Ningekuwa namwombea rehema."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilidhani nimewakosea wateja, nimemkosea kaka. Kumbe wewe ndiye niliyekunyang'anya. Watu wote wale walikuwa na dua zako mikononi, na mimi nikawaambia wasizitoe, u mzima, umetoka kidogo. Uliondoka ukiwa umewatendea wema watu wa mkoa mzima, na ukalala pale ukiombewa na sisi wachache wa nyumbani tu. Kama kuna dhiki yoyote uliyoiona huko kwa sababu hiyo, ni yangu. Sijui nitailipa kwa kitu gani.

Sasa wanakuombea. Mwalimu amekusanya wenzake huko Urambo wamekusomea khitma. Na Mama Devota ametuma salamu kwamba kanisani kwao kigangoni wametaja jina lako kwenye sala ya marehemu. Sikujua kaka atalipokeaje hilo. Nilimwambia nikiwa nje ya mlango wake. Akasema kutoka ndani, "Mwambie asante." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

Duka lilikaa nusu. Rafu za chini zilikuwa zimekwisha, za juu zilikuwa misumari tu, na vitenge vingine nilivitandika sakafuni juu ya mkeka. Siku moja nikifungua asubuhi nikamkuta kaka mlangoni na mbao begani. Akaingia, akapanda ngazi. Nilimshikia ngazi, hakukataa. Alipomaliza, akakung'uta vumbi la mbao mikononi, akasema, "Nguo haziwezi kukaa chini."

Nikamuuliza, "Kaka, kibao nikishushe?"

Akatoka akakitazama. "Jina ni lake," akasema. "Aliyekosa ni wewe, si kibao."

Hajaniambia kwamba amenisamehe. Sijamuuliza. Huwa anapita dukani akienda karakana yake, akiona chai anakunywa, akiona hakuna anapita. Wateja ni wachache kuliko zamani. Wanaingia, wanashika kitambaa, wananiuliza kama kinachuja, nawaambia kweli, wengine wananunua. Nikiwa peke yangu natamani ungeliona duka. Wewe ndiye uliyetaka watu waje washike wenyewe, na mimi ndiye ninayewaona wakishika.

Bado wanakuulizia. Wale ambao hawakupata ujumbe, au waliosikia habari zako kwa watu. Jana aliingia mama mmoja na mtoto mgongoni, amefika na treni, akatazama kibao, akanitazama mimi, akauliza, "Wewe ndiye Salma?"

Nikamwambia, "Hapana, dada. Mimi ni Asha, wifi yake. Salma amefariki. Keti nikwambie habari zake."

Akaketi. Nilimweleza kwa muda mrefu, mtoto akalala. Hakununua kitu. Aliponyanyuka aliinua viganja, akakuombea, nami nikaitikia amina.

Nakuahidi hivyo ndivyo itakavyokuwa, wifi. Kila atakayekuulizia nitamwambia umekwenda, nitamwambia ulikuwa mtu wa namna gani, na nitamwomba dua yako kabla sijamwonyesha nguo. Nuru akikua nitamweleza mwenyewe nilichofanya, asije akakisikia kwa mtu. Na ile habari ya wodini, mkono wako uliotetemeka, nitamwambia kaka. Naogopa, lakini nitamwambia.

Lala, Salma. Mwenyezi Mungu akurehemu, akukutanishe na waliokutangulia, na siku akituita sisi atukutanishe nawe ukiwa umeniridhia. Sikuombi unijibu. Nimekufanya useme sana tangu ufariki. Sasa nyamaza, wifi yangu, upumzike.

Ni mimi,
Asha